Jiwe Moja Si Mgodi: Kumpima Mkana Mungu kwa Maandishi Yake

Watu wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini kupitia Kahama na Kakola hadi Nyarugusu na Geita, ni mahodari wa kusoma dalili. Mchimbaji mdogo huokota jiwe, akalitwanga, akaosha unga wake katika karai, kisha akaliinamisha karai taratibu mpaka auone, au asiuone, ule mstari mwembamba wa njano. Mkulima wa pamba husoma mawingu ya Novemba. Mpiga ramli naye, kwa bahati mbaya, hajaondoka: humpasua kuku, akatazama matumbo yake, akataja jina la jirani. Siku hizi umezuka usomaji mwingine wa dalili, nao umeingia hata katika nyumba zinazoswali: kusoma tabia ya mtu kwa yale anayoyaandika mitandaoni.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mmoja husoma kwa sauti maneno ya mwandishi fulani, na wengine hukisia ni mtu wa namna gani. Katika jamaa yetu huchezwa Jumamosi baada ya Isha, wakati vijana waliorudi kutoka machimboni na wale wa vyuoni wamekutana juu ya mkeka mmoja. Vijana walikuja na mizani ya Kimarekani ya herufi nne, iliyotungwa na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, kwa kufuata kitabu cha mwaka 1921 cha Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi. Mizani hiyo huwagawa wanadamu wote katika mafungu 16. Sisi wazazi tulikuja na mizani ya zamani zaidi, ile ya matabibu wa Kiyunani ambayo Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza katika Qanun yake. Mwili, walisema, una maji manne: nyongo ya manjano iitwayo safra, damu, belghamu, na nyongo nyeusi iitwayo sauda, na kila mtu huelekea upande wa lile lililomzidi. Mwenye safra ni mkali, mwepesi wa kuwaka. Mwenye damu ni mchangamfu. Mwenye belghamu ni mpole asiyeharakishwa. Mwenye sauda ni mtu wa huzuni na tafakuri. Matabibu wa leo wameiacha elimu hiyo, lakini kwa mchezo wa mkekani inatosha, na mafungu yake manne hata bibi wa nyumba huyakumbuka bila miwani.

Walipokwisha kupimwa wanasiasa na wasemaji wa timu za mpira, vijana walipendekeza wakana Mungu. Hatukuwakatalia. Watu hao wapo, na vijana wetu huwasoma, tupende tusipende. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kati ya watu milioni 47.6. Kwetu Tanzania hesabu ya namna hiyo haipo, kwa kuwa sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu dini yake. Lakini simu haingoji sensa.

Vijana walianza na wa mbali. Kenya kuna jumuiya ya wakana Mungu ijulikanayo kwa jina la Atheists in Kenya. Iliandikishwa Februari 2016, ikasimamishwa mwezi Aprili mwaka huohuo kwa hoja ya amani na utulivu, na baadaye ikaendelea na shughuli zake. Kiongozi wake, Harrison Mumia, hakujificha nyuma ya jina la bandia. Jumuiya hiyo iliwahi kuiomba serikali iifanye tarehe 17 Februari, siku ya kuandikishwa kwake, kuwa sikukuu ya taifa. Hapo mkeka mzima ulicheka. "Damu!" wakasema vijana kwa pamoja. Mmoja wao, mtoto wa kaka yetu, akatia neno la kukumbukwa: mtu anayeomba sikukuu ana hamu ya jamaa, ya kumbukumbu na ya kalenda, na hayo ni mahitaji ambayo dini inayafahamu vizuri sana.

Kisha likasomwa jambo la Mei 2021. Katibu wa jumuiya hiyo, Seth Mahiga, alijiuzulu, na jumuiya yenyewe ikatangaza sababu hadharani: amempata Yesu Kristo na hana haja tena ya kueneza ukanaji Mungu. Tangazo lilimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia kila la heri. Habari hiyo ilizunguka dunia na watu wakaicheka siku kadhaa. Mkekani, hata hivyo, mizani ilisita. Safra haikuonekana popote katika tangazo lile. Ilikuwa belghamu tupu, sauti ya mtu anayemfungulia mgeni mlango wa kutokea bila kuubamiza. Bibi aliuliza ni vikundi vingapi vyetu vya kufa na kuzikana ambavyo katibu wake akiondoka huagwa kwa heshima namna ile. Hakuna aliyejibu upesi.

Baada ya hapo mchezo ukafika karibu na nyumbani. Yupo kijana wa ukanda huu anayeandika kwa jina la bandia, na hatutalitaja hata hilo la bandia, maana hapa kwetu mtu akitajwa nusu hujulikana mzima. Kwa lugha yake ni mtu wa machimboni: anayajua maduara na makarasha, anajua zebaki inavyochomwa na nani huvuta moshi wake. Huandika karibu kila siku, na kila siku hukanusha kuwapo kwa Mwenyezi Mungu. Vijana waliyapanga maandishi yake mafungu manne, kama anayepanga mawe kabla ya kuyapeleka kwenye karasha.

Fungu la kwanza lilikuwa kubwa na la moto. Humo hugombana na vipaza sauti vya alfajiri, vya misikiti na vya makanisa kwa usawa, na huwaita waumini kwa majina ambayo ukurasa wa familia hauwezi kuyabeba. Safra, bila shaka. Fungu la pili lilikuwa la mizaha, na baadhi yake ilituchekesha kweli. Humo yumo mwenye duara anayempelekea mganga mbuzi mweusi ili shimo lisiporomoke, ilhali magogo ya kulishikilia shimo ni bei nafuu kuliko mbuzi. Yumo mhubiri anayeuza mafuta na maji. Yumo pia, haki isemwe, yule wa upande wetu anayeandika kombe la utajiri na kulitoza bei ya gramu ya dhahabu. Damu, wakasema vijana. Fungu la tatu lilikuwa la maelezo ya subira kuhusu madhara ya zebaki, kuhusu mvua inavyofanyika, kuhusu umri wa miamba. Belghamu. Fungu la nne lilikuwa dogo, lote limeandikwa usiku wa manane. Hilo hakuna aliyelisoma mpaka mwisho.

Hukumu ilikuwa karibu kutoka. Herufi nne zilikuwa zimekwisha kupatikana, na lakabu la kuchekesha lilikuwa ulimini. Ndipo binti yetu, ambaye usiku ule hakuwa amesema neno, alipoomba simu, akasoma andiko moja la fungu la nne. Kijana yule alieleza kwamba bibi yake mzaa mama alikatwa mapanga kijijini, baada ya ng'ombe wa jirani kufa na mpiga ramli kuyataja macho yake mekundu. Macho yale, alieleza, yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa kupika chakula ambacho hata waliomuua walikuwa wamewahi kukila. Msibani walikuwapo watu wa dini zote mbili, na waliozungumza wote hawakulitaja neno ramli.

"Baba," akauliza binti yetu, "huyu tumwandike fungu gani?"

"Mwandike mfiwa, mwanangu."

"Mfiwa si tabia, baba."

"Kweli, si tabia."

Ndugu msomaji, si kila mchezo unaoishia kimya ni mchezo mbaya. Lakini kimya kile kinastahili kuelezwa, hasa kwa watu wa Shinyanga na Geita, maana eneo hili lina historia ndefu ya kumjua mtu kwa dalili. Wanawake wazee wa Usukumani wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu. Sababu ya macho hayo inajulikana na kila mwenye jiko la mafiga: moshi wa kuni na wa samadi iliyokauka, miaka 40 au 50 mfululizo, katika chumba kisicho na dirisha. Mpiga ramli haoni moshi. Anaona dalili, na dalili kwake ni ushahidi uliokamilika.

Mwaka 1976 serikali ilipowakamata watu kwa wingi mkoani Shinyanga na Mwanza kwa kushukiwa mauaji ya namna hiyo, baadhi ya mahabusu waliteswa hadi kufa. Dhana ikazaa dhana: mzee alidhaniwa mchawi, na jirani yake akadhaniwa muuaji. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakumgusa mahabusu hata mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1977 aliwajibika kwa kujiuzulu. Baada ya hapo yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilidhaniwa kuvuta dhahabu, hata Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ikatangaza tena kupiga vita ramli. Watu waliopita katika hayo wana haki ya kuogopa kila elimu inayodai kumsoma mtu mzima kwa alama moja.

Nayo mizani ya vijana, ile ya herufi nne, ina ufa wake. Wataalamu wa nafsi wengi wanaitilia shaka, na sababu mojawapo ni rahisi kueleweka: watu wengi wakipimwa tena baada ya wiki chache hupata herufi tofauti na za mwanzo. Karai linalosema leo jiwe lina dhahabu na kesho halina, mchimbaji hulitupa. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo ya nafsi yake na kuwaomba wayape alama. Kwa wastani waliyapa zaidi ya 4 kati ya 5, wakishangaa yalivyowagusa. Ndipo akawafunulia kwamba wote walipewa maelezo yaleyale, na kwamba aliyachota katika kitabu cha nyota kinachouzwa mitaani. Waganga wa machimboni wanaijua siri hiyo bila kwenda chuo. Mteja akiambiwa kwamba kuna mtu wa karibu anayemwonea kijicho, kwamba riziki yake imewahi kupita mlangoni ikarudi, na kwamba moyo wake una jambo asilolisema, hutoka pale akiapa kwamba ameonwa hadi ndani.

Ipo mizani yenye nguvu zaidi, nayo haipo mkekani. Januari 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Stanford walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 86,220 waliojitolea. Kompyuta ilipewa orodha ya mambo ambayo mtu ameyapenda katika Facebook, ikatakiwa kukisia tabia yake kama alivyojieleza mwenyewe kwa maswali. Kwa mapendo 10 ilimshinda mfanyakazi mwenzake. Kwa 70 ikamshinda rafiki. Kwa 150 ikawashinda jamaa zake. Kwa 300 ikamkaribia au kumshinda mume au mke. Miaka mitatu baadaye dunia ikaisikia habari ya Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia taarifa za Facebook zilizochukuliwa bila ridhaa ya wenyewe, za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87, ili kuwashawishi wapigakura. Kwa hiyo wazazi wafahamu: watoto wetu wanapompima mkana Mungu kwa maandishi yake, kipo kinachowapima wao kwa vidole vyao, bila kicheko na bila kusahau. Na hata hicho kilichoshinda jamaa na marafiki kilishinda katika kubashiri majibu ya maswali. Kilio cha mjukuu saa nane usiku hakikuwamo katika maswali hayo.

Je, dini yetu inasemaje? Katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu (SW) ametukataza kudharauliana, kuitana kwa lakabu mbaya, kukithirisha dhana, kupelelezana na kusengenyana, na makatazo hayo yamekuja katika aya mbili zinazofuatana, kana kwamba ni ngazi moja ambayo mtu hushuka kidato hadi kidato. Anaanza kwa kucheka, anafika kwenye lakabu, anaingia kwenye dhana, kisha anatafuta ushahidi wa dhana yake kwa kumpeleleza mwenziwe. Mchezo wa mkekani una vidato vyote hivyo tayari. Na Usama bin Zayd (RA), alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akijitetea kwamba mtu yule alitamka kwa kuogopa silaha tu, Mtume (SAW) alimhoji kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Swali hilo limebaki hadi leo mbele ya kila asomaye nyoyo.

Pamoja na hayo, Uislamu haukuamrisha upofu. Hakuna umma uliowapima watu kwa makini kuliko wanazuoni wetu wa Hadithi. Elimu ya jarh na taadil iliwachunguza wapokezi kwa maelfu: nani mkweli, nani msahaulifu, nani mzushi. Imamu Dhahabi, aliyefariki mwaka 1348, alikiita kitabu chake cha wapokezi waliotiliwa shaka Mizanul-Itidal, yaani mizani ya uadilifu. Lakini walipima kwa haja, walipima kwa ushahidi, na walipima kitu kimoja tu: je, neno la mtu huyu lichukuliwe? Katika Sahihi ya Imamu Bukhari amo mpokezi aitwaye Imran bin Hittan, ambaye alikuwa Khawarij, wa kundi lililopotoka na kumwaga damu ya Waislamu. Itikadi yake ilikataliwa, na neno alilolipokea kwa ukweli likachukuliwa. Mwenye mizani ya namna hiyo anaweza kumsoma mkana Mungu wa Geita bila kupoteza imani wala uadilifu.

Basi na tuyachukue maneno yake yaliyo ya kweli. Anaposema hirizi haishikilii duara, amesema kweli, na Mtume wetu (SAW) alikwisha kuzikataza hirizi kabla dhahabu ya Geita haijatafutwa na kampuni yoyote. Anaposema mpiga ramli ni mwongo, amesema kweli, na ametukumbusha kwamba kumwendea na kumsadiki ni jambo linalomtoa Muislamu katika mwenendo wa aliyeteremshiwa Qur'ani. Anaposema wapo wanaouza maji na makombe kwa jina la Mungu, amesema kweli tena. Walinganiaji hupenda kusema kwamba mkana Mungu amekwisha kuitamka nusu ya kwanza ya shahada, ile inayokanusha, na imebaki nusu inayothibitisha. Kwa kijana huyu msemo huo una uzito wa pekee. Miungu aliyoikana ni ile iliyomuua bibi yake: matumbo ya kuku, kinywa cha mpiga ramli na bei ya mbuzi mweusi. Aliyepaswa kumwonesha tofauti ya hayo na Mola wa viumbe vyote ni Muislamu aliyekaa msibani, naye alinyamaza.

Hapo ndipo ilipo dhamana yetu, na ndilo jibu ambalo hoja za kitabuni haziwezi kulitoa peke yake. Zipo hoja nzuri za kuthibitisha kuwapo kwa Muumba, na vijana wafundishwe. Lakini mjukuu aliyezika vipande vya bibi yake hatarudi kwa hoja ya kwamba kila kilichoundwa kina muundaji. Khutba za ukanda huu ziitaje ramli kwa jina lake. Jamaa inayosikia mzee wa kijiji ananong'onwa iende kumtembelea mchana kweupe, ikae naye barazani na kuonwa imekaa naye. Vijana wamjengee bibi jiko lenye bomba la kutolea moshi. Dirisha moja la jikoni linaweza kuokoa macho, na kwa desturi mbaya za hapa, linaweza kuokoa shingo.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la ndani ya nyumba zetu. Mtoto anayesikia tunavyomchambua asiyeamini anajifunza jinsi atakavyochambuliwa yeye siku akiwa na swali. Kijana wa machimboni analala mahemani pamoja na watu wa kila itikadi, ameona shimo likiwafunika wenzake, ameona mwizi akitajirika na mcha Mungu akirudi kijijini na nauli ya kukopa. Maswali atakuwa nayo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba shaka ilimshika karibu miezi miwili, mpaka Mwenyezi Mungu alipomponya kwa nuru aliyoitia kifuani mwake. Kama baba wa Ihyaa aliwahi kushikwa, haifai tuwafanye wanetu waamini kwamba mwenye shaka huwekwa katika fungu, akapewa lakabu na kufungwa faili. Nabii Musa (AS) alipotumwa kwa Firauni aliamrishwa amwambie maneno laini. Wanazuoni wametukumbusha kwamba hakuna mlinganiaji aliye bora kuliko Musa, wala anayelinganiwa aliye mbaya kuliko Firauni.

Mchezo haukupigwa marufuku nyumbani kwetu. Vijana wanaupenda, na watoto wanaocheza mbele ya wazazi ni bora kuliko wanaocheza gizani. Uliwekewa masharti manne, mafungu manne kwa mafungu manne. La kwanza, hupimwa neno, mtu haandikwi: tunasema andiko hili lina safra, hatusemi fulani ni safra. La pili, husomwa yote, na la usiku lisomwe kabla ya la mchana, maana jiwe moja si mgodi na mchimbaji mwenye akili hachukui sampuli ya juu peke yake. La tatu, anayetaka kumpima mwingine aanze kupimwa yeye, maandishi yake yasomwe kwa sauti mkekani. Sharti hilo limepunguza wachezaji. Mgeni akiyasoma makundi ya simu ya familia zetu nyingi, zile jumbe zinazotutaka tuzisambaze kwa watu 20 kabla ya Magharibi tusije tukapatwa na msiba, angeandika kwamba jamaa hawa wanaogopa nuksi kuliko wanavyomwogopa Mola wao, na mkana Mungu wetu angepata mzaha wa wiki nzima. La nne, aliyesomwa aombewe kabla ya mkeka kukunjwa.

Binti yetu aliomba ruhusa amwandikie kijana yule, akapewa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, kwa niaba ya sisi sote: pole kwa msiba wa bibi, na kilichomuua ni uongo ambao dini yetu inaulaani. Hakuweka aya, wala hakumwita kwenye mjadala. Jibu lilikuja kesho yake jioni, neno moja tu la shukurani. Asubuhi iliyofuata alikuwa amekwisha kuandika tena, kwa ukali uleule, kuhusu vipaza sauti vya alfajiri. Vijana walisoma wakacheka, na hakuna aliyelitaja fungu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze waliopotea, awahurumie wafiwa, na atujaalie tuwe watu ambao mwenye shaka akipita mlangoni petu ataona moshi una pa kutokea na mzee wetu amekaa salama barazani. Wabillahi tawfiq.